Masaa Kumi na Moja ya Ami Matar

Ami Matar alimkataa Akil kwa hesabu ya kutoa.

Hakusema kijana hana dini. Hakusema hana kazi, wala kwao hawajulikani. Alinipigia simu Ijumaa jioni nikiwa ndani ya treni natoka kazini, nimeegemea mlango, miguu inawaka moto kwa kusimama wodini tangu asubuhi, akaniambia kwa ile sauti yake ya kutangaza:

"Faridah, nimekaa na karatasi ya safari. Maskati mpaka Kuala Lumpur ni masaa kumi na moja. Kumi na moja, mwanangu. Mimi siwezi kumwoza mtoto wa marehemu ndugu yangu mbali namna hiyo na mama yake. Nimeshamwambia mshenga aje Jumapili kuchukua barua yake."

Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nikasema nimekula, na tangu saa tano asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, nikakaa kwenye benchi, nikalia, nikapangusa uso, nikapanda treni iliyofuata. London mtu akilia kituoni hakuna anayemuuliza, na siku ile niliishukuru tabia hiyo.

Nikueleze, usije ukaniona mjinga wa kulilia karatasi. Baba yangu alishafariki, kaka sina, na Ami Matar, ndugu yake baba, ndiye walii wangu. Bila yeye hakuna ndoa. Barua ya posa ya Akil ilifika kwake wiki tatu nyuma, imeletwa na mshenga kwa adabu zote, na kwetu barua ikirudishwa imerudishwa. Hakuna mwanamume mwenye haya zake atakayeileta mara ya pili. Akil amepata kazi Kuala Lumpur, mkataba wa miaka mitatu, na anaondoka mwezi ujao. Anataka twende sote. Mama yangu yuko Maskati, anaishi na khalati, mdogo wake, na mtoto wa mama ni mimi tu. Kwa hiyo Jumapili barua ile ikitoka nyumbani kwa Ami, Akil ataondoka peke yake na mimi nitabaki Lewisham.

Na Ami umjue. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye gereji ya mabasi, si dereva, ni mpanga nyakati. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na penseli kuamua basi liondoke saa ngapi na lifike saa ngapi. Sasa amestaafu, lakini hata akienda kununua mkate hutazama saa mlangoni, akirudi hutazama tena, kisha husema, "Dakika kumi na nne. Leo kulikuwa na foleni." Saa ya kufika, toa saa ya kuondoka, hiyo ndiyo safari. Hesabu hiyo ilimlisha, ikasomesha wanawe, ikamweka kwenye nyumba yake Rayners Lane. Nani angemwambia kuna siku haitamtosha?

Jumapili nilikata London yote kutoka Lewisham mpaka kwake, kichwani natunga maneno. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikufichi. Njia nzima nilikuwa namjibu Ami mambo ambayo ana kwa ana nisingethubutu hata nusu yake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umetumia muda gani?"

"Sikuangalia."

"Saa moja na dakika ishirini," akanijibia mwenyewe. "Ingia, baridi hiyo."

Sebuleni, juu ya meza, palikuwa na vitu viwili. Bahasha nyeupe ya barua ya posa, na kando yake karatasi ya safari aliyochapiwa na Bi Pushpa, mwenye duka la tiketi kule Kenton. Bi Pushpa kazaliwa Kisumu, na kwa miaka ishirini ndiye anayetukatia tiketi ukoo mzima. Ndugu zetu hawajapata kwenda harusini wala msibani bila yeye kujua.

"Ami, kuhusu hiyo barua," nikaanza.

"Chai kwanza."

Kwa Ami chai haibishaniwi. Nikaingia jikoni, nikabandika maji, nikaponda tangawizi kwa nguvu ambayo tangawizi haikuistahili. Nilikuwa nachuja chai kengele ya mlango ilipolia. Nikajua ni mshenga, mzee mmoja wa Lamu anayeendesha basi kule kwetu Lewisham. Nikasikia Ami anafungua.

"Assalaam alaykum. Shikamoo, Ami."

Sauti ile haikuwa ya mshenga. Nilimwaga chai nusu kikombe juu ya meza.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na kwa pale nilipo nilimwona Akil amesimama kizingitini, kofia ya kiua kichwani, shati limepigwa pasi mpaka limesimama, mabega yamelowa mvua. Mikono ameikunja mbele kama mtoto wa chuoni aliyeitwa na mwalimu.

"Waalaykum salaam. Marahaba," Ami akajibu bila kusogea mlangoni. "Mposaji anakuja mwenyewe kuchukua barua yake? Hii mila ya wapi?"

"Niwie radhi, Ami. Mshenga ameitwa kazini ghafla. Mwenzake ameugua, amepewa basi lake. Ameniomba nimwombee msamaha kwako."

Udhuru mwingine wowote, Ami angemfungia mlango. Udhuru huo aliupima, akaugeuza, nikamwona anakosa pa kuushika.

"Basi haliachwi," akasema mwishowe. "Pita ndani."

Akil akavua viatu, akapita mbele ya mlango wa jikoni, akanitazama. Mara moja tu, kwa heshima ya nyumba, na hiyo moja ilinishuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Wiki nzima tulikuwa hatujaonana. Alikuwa amekonda.

Akil ni fundi wa lifti. Tulijuana pale lifti ya jengo ninalokaa ilipogoma na mimi ndani, nina mifuko miwili ya soko la Lewisham. Sauti ya mwanamume ikaja kutoka juu, kwa Kiingereza, ikaniambia nisiogope. Nikajisemea kwa Kiswahili, nani kakwambia naogopa, mimi nina njaa. Kisha ile sauti ikasema, kwa Kiswahili cha Mombasa kabisa, "Basi kula ulichonacho, dada, naja." Dakika arubaini niliongea na tundu la darini. Nilipotoka nikamwona, grisi mpaka viwikoni, macho yanacheka kabla ya mdomo. Nikajua nimekwisha.

Nilipeleka chai. Ami alikuwa amekaa kwenye kiti chake, Akil pembeni kabisa ya sofa, kama mtu anayeogopa kulichafua. Nilipompa kikombe vidole vyetu havikugusana, maana sote wawili tulijitahidi visigusane, na kule kujitahidi kulinichosha kuliko shifti ya usiku.

Ami akaisukuma bahasha juu ya meza, polepole.

"Barua yako hii, kijana. Sina kinyongo nawe. Nimeulizia habari zako mpaka Mombasa, nimesikia mema matupu. Lakini mama yake Faridah ni mtu mzima, ana presha, ana magoti. London na Maskati mimi nimekwenda mara nyingi, kwa saa yangu ya mkononi ni masaa saba, unalala kidogo umefika. Huko kwako ni kumi na moja. Ni kumi na moja, siwezi kuyafanya saba."

Nikaivuta ile karatasi, maana nilikuwa sijaiona kwa macho yangu. Ndege inaondoka Maskati saa tatu asubuhi. Inafika Kuala Lumpur saa mbili usiku. Chini yake, kwa penseli, Ami ametoa na kupigia mstari: 11.

Damu ilinipanda. Mwezi mzima nilikuwa napekua saa za Kuala Lumpur kwenye simu, nikijiuliza Akil akiamka kule mimi nitakuwa nafanya nini, mama naye atakuwa anafanya nini. Nilijua kule wako mbele ya Maskati kwa masaa manne. Ami ametoa saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine, kama mtu anayetoka Harrow kwenda Wembley. Na kwa kosa hilo amenivunjia ndoa.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilikuwa nataka kupiga kelele. Maneno yote niliyoyatunga ndani ya treni yalikuwa yamepanga mstari nyuma ya meno.

Akil akatikisa kichwa. Kidogo tu, hata Ami hakuona. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Ami, nimekubali, barua nitaichukua. Naomba unisaidie jambo moja kabla sijatoka. Mimi mambo ya ratiba si kazi yangu. Nyuma ya karatasi naona pamechapwa safari ya kurudi. Ungenitolea na hiyo, nijue."

Ami akanitazama, akamtazama yeye. Penseli alikuwa nayo sikioni, haijawahi kutoka hapo. Akageuza karatasi.

"Inaondoka Kuala Lumpur saa tatu asubuhi," akasoma. "Inafika Maskati saa sita mchana." Akaandika, akatoa, akapiga mstari. Penseli ikasimama. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Masaa matatu."

Akaigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma.

"Kwenda kumi na moja. Kurudi matatu." Akarudia kuhesabu, mara hii kwa vidole. "Basi gani hilo?"

"Hata mimi linanishinda, Ami," Akil akasema, macho ndani ya kikombe chake.

Mwanamume huyu anajua nyakati za dunia nzima. Alifanyiwa usaili na Kuala Lumpur kwa simu, alfajiri ya London, mara tatu, na hakukosea hata dakika. Amekaa pale, barua yake ya ndoa iko mezani, ana jibu mdomoni, na anamwachia mzee alitafute mwenyewe. Nilimpenda Akil siku ya lifti. Lakini pale sofani ndipo nilipojua naweza kuzeeka naye.

Ami alikuwa ananong'ona. "Kumi na moja na tatu, kumi na nne. Gawa kwa mbili, saba." Akainua kichwa. "Saba. Saa za kule ziko mbele."

"Kwa masaa manne, Ami," nikasema.

"Najua. Nimeshajua." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, ikachukua muda kuliko miwani inavyohitaji. "Miaka thelathini na moja. Sijawahi kupanga basi linalovuka saa."

"Hakuna aliyewahi, Ami," Akil akasema.

Ami si mtu wa kukubali jambo bila shahidi. Akachukua simu, akampigia Bi Pushpa, akaweka sauti juu.

"Pushpa, Maskati na Kuala Lumpur, angani ni masaa mangapi?"

"Saba hivi, Mzee Matar. Si nimekuandikia hapo chini?"

"Ni maandishi ya sisimizi hayo. Na London na Maskati?"

"Hayo pia saba na ushee. Na ukitaka kilomita, London ndiyo mbali zaidi. London mpaka Maskati kama elfu tano na mia nane. Kuala Lumpur mpaka Maskati kama elfu tano na mia mbili. Kwani nani anasafiri?"

"Nitakwambia."

"Ni Faridah? Mzee, kama ni Faridah mimi nataka kadi, nisije kusikia kwa watu."

Ami akakata simu. Mimi sikuweza tena kujizuia.

"Umesikia, Ami? Hapa nilipokaa miaka tisa ndipo nilipo mbali na mama zaidi. Mbona hapa hujaniambia nihame?"

"Punguza sauti."

"Naipunguza, Ami. Lakini nijibu."

Alichukua chai yake, imeshapoa, akaitazama bila kuinywa.

"Hesabu nimekosea," akasema. "Mbele yenu wote wawili nakubali, nimekosea. Lakini hofu yangu haikuanzia kwenye hesabu. Mama yangu, bibi yako, alifariki Unguja wakati wa alfajiri. Alasiri wakamzika. Ndivyo dini yetu ilivyo, maiti haikawizwi, na sikuwalaumu. Mimi nilipigiwa simu niko gereji, nina penseli mkononi. Nilifika siku ya tatu. Nikakuta wanawake wanaosha masufuria ya hitima. Wakanipa chai." Akakisukuma kikombe pembeni. "Nikainywa. Mpaka leo sijui niliinywaje."

Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Miaka yote nilijua tu kwamba Ami haendi Unguja.

"Saba au kumi na moja," akaendelea, "kwa mtu aliyepigiwa simu alfajiri yote ni mbali. Nilitaka wewe yasikukute. Basi." Akanyanyuka, magoti yakalia. "Ngojeni nikatawadhe. Nikirudi nitajua la kusema."

Alipanda ngazi. Tukasikia maji yanafunguliwa juu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima tulikuwa peke yetu, meza katikati, barua juu ya meza.

"Umekonda," nikamwambia.

"Na wewe umelia."

"Sikulia."

"Faridah, macho yako nayajua."

Nikachukua vikombe ili mikono iwe na kazi. Yeye akavichukua kwangu, akavirudisha mezani.

"Hesabu nimejaribu," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna jingine siwezi kulijibu mimi wala Ami. Wewe mwenyewe unataka?"

"Akil, nimekata London nzima na mvua hii, unaniuliza kama nataka?"

"Umekuja kwa hasira. Hasira zako nazijua, unaweza kumpigania hata mtu usiyemtaka ilimradi ameonewa. Mimi nauliza habari ya kutaka."

Nilitaka kumjibu kwa mkato, kama kawaida yangu. Nikakaa pale sofani, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Kila mwaka nasema mwakani nitakwenda kukaa na mama. Miaka tisa, Akil. Mara mtihani, mara wodi haina watu, mara viza yangu. Nikimpigia simu hunambia, kaa mwanangu, jenga maisha. Ami anaogopa siku ya hitima. Mimi hofu hiyo ninalala nayo. Simu ikilia alfajiri roho hunitoka kabla sijaona namba. Nikibaki hapa nitaogopa, nikienda na wewe nitaogopa vilevile. Sasa utamwoa mtu wa hivyo?"

"Mimi mama yangu yuko Mombasa," akasema. "Simu ya alfajiri naijua."

Maji yalikuwa bado yanamwagika juu.

"Basi tuogope wawili," akasema. "Wewe peke yako umeogopa vya kutosha. Kila likizo yako uende Maskati, nitakupeleka mwenyewe uwanjani. Ukitaka kukaa mwezi, kaa mwezi."

"Na wewe utakula nini mwezi mzima?"

"Mayai."

"Mwezi mzima?"

"Nitakuwa nayabadilisha. Leo ya kukaanga, kesho ya kuchemsha."

Nikacheka, na machozi yakaja hapohapo, yote mawili kwa pamoja, nikawa nahangaika kutafuta mtandio. Yeye alikunja ngumi juu ya magoti ili asinishike. Niliziona zile ngumi, na nilijua zinasema nini.

"Nataka," nikasema. "Nakupenda, nataka, na ukiniuliza tena nitakurushia kikombe."

"Siulizi tena."

Ngazi zililia. Tukasogea kila mtu upande wake, kama watoto. Ami aliingia ndevu zinadondosha maji, akasimama mbele ya meza, akaitazama ile barua.

"Kuna kosa la pili," akasema. "Kubwa kuliko la kwanza. Sikumuuliza mwenyewe. Mpigie mama yako."

Mama alipokea mara moja. Uso wake ulijaa kwenye kioo cha simu, nusu paji la uso, nusu dari, maana mpaka leo hajui kuishika. Nikampa Ami. Ami akasalimia, akaeleza yote, kosa lake hakulificha: karatasi, kumi na moja, tatu, saba, Pushpa, kilomita. Alivyokuwa anaeleza nilikuwa namwangalia Akil, na Akil alikuwa anaangalia zulia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Matar," akasema, "yaani mmekaa hapo watu wazima, mna karatasi na penseli, mnanihesabia siku yangu ya kufa?"

"Hapana, shemeji, sisi tulikuwa..."

"Mnapanga nani ataniwahi kaburini. Sawa, nimesikia. Sasa na mimi nina swali. Hiyo Kuala Lumpur, nikitaka kwenda kwa mwanangu mimi, na roho yangu ndani, ni masaa mangapi?"

Tangu Ijumaa tulikuwa tumehesabu safari hiyo mbele na nyuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyemweka mama ndani ya ndege.

"Mama, magoti yako," nikasema.

"Ndege inaendeshwa kwa magoti? London nilikuja mara moja baridi ikataka kuniua, ndiyo maana sirudi. Huko kuna baridi?"

"Hakuna, mama," Akil akasema. Lilimtoka, hakulipanga. Akaziba mdomo.

"Nani huyo?"

Ami akamgeuzia simu. Akil akasimama wima, kofia ikamkaa upande.

"Ni Akil, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kumbe uko hapo. Faridah akijifungua, nani atamkalisha arubaini? Wewe?"

"Mimi... hapana, mama."

"Basi. Nitakuja mimi. Uji wa pilipili manga najua kuupika, wewe utanunua maziwa tu." Kisha akaigeuza sauti, ikawa ya chini, ileile aliyokuwa akinilazia nayo utotoni. "Faridah, mwanangu, miaka tisa nakungoja uje ukae na mimi. Hakuna aliyenambia naweza kukufuata. Matar, hujanijibu. Masaa mangapi?"

Ami Matar alichukua bahasha juu ya meza. Alivuta mtoto wa meza, kule anakoweka ratiba zake za zamani na hati ya nyumba, akailaza barua juu yake, akafunga.

"Saba, shemeji," akasema. Akairudia sauti yake ya kutangaza. "Kwenda saba, kurudi saba."

Akil alivaa viatu kuondoka, kwa sababu adabu inamtaka aondoke. Posa hujibiwa kwa barua, na barua hupelekwa kwa mshenga. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Mvua ilikuwa imekatika.

"Si ulikuja kuchukua barua?" nikamwambia.

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

Alifungua mikono yake miwili, mitupu, akanionyesha, macho yanacheka kabla ya mdomo. Hakuwa amepiga hatua tatu Ami alipoita kutoka ndani, na sikuhitaji kugeuka kujua anatazama saa.

"Akil. Treni yako ni baada ya dakika kumi na moja. Rudi ukae, tusali, tule. Utapanda nyingine."